Kuhaririwa na yeyote si sawa na kubaki kwa chochote

"Wikipedia haiaminiki, hata mimi naweza kuingia sasa hivi nikaandika uongo." Kuandika utaweza. Kazi ni uongo huo kudumu. Kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, na saa na tarehe yake, na msomaji mwingine anaweza kulitengua papo hapo. Ukibandika tusi kwenye makala ya Kiingereza inayosomwa sana, mara nyingi roboti, yaani programu ya kompyuta inayojiendesha, hulifuta kabla hujamaliza kujipongeza.

Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala za sayansi za Wikipedia na za ensaiklopidia ya Britannica, bila kuwaambia zimetoka wapi. Wikipedia ilikutwa na makosa 4 hivi kwa kila makala, Britannica 3. Britannica walikuja juu kupinga ulinganisho huo, lakini pengo lenyewe ni dogo kuliko watu walivyotarajia.

Mimi tusi halinitishi. Kinachonitisha ni uongo ulioandikwa kwa adabu, tena kwenye ukurasa usiopitiwa na mtu. Mwaka huohuo, wasifu wa mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler ulimhusisha na mauaji ya Rais Kennedy wa nchi hiyo, na uzushi huo ukakaa miezi kama minne. Sentensi ilikuwa shwari, haina hata neno moja la kumshtua roboti.

Kwa hiyo nikifungua makala huanzia chini, kwenye tanbihi. Nabofya moja, nasoma kama chanzo kinasema kweli kile kilichoandikwa juu. Kisha historia: makala imepitiwa na wangapi, au ni mtu mmoja tu aliyeandika akaondoka?