Plasta ya Maumivu Baada ya Kupasuliwa Tumbo

Aliyepasuliwa tumbo huogopa kukohoa. Akicheka au akigeuka kitandani, mshono unamvuta, basi anajizuia na kupumua juu juu. Makohozi yanabaki kifuani, na nimonia inapata njia. Ndiyo maana sisi madaktari wa ganzi na usingizi hatumwambii mgonjwa ajikaze tu: tunataka aweze kuvuta pumzi ndefu na kutembea.

Plasta ya dawa inaweza kusaidia, ila jina hilo moja limebeba vitu viwili visivyofanana.

Kuna ya lignokeini, dawa ileile ya ganzi anayochoma daktari wa meno. Ya asilimia 5 hutuliza neva za ngozi pale ilipobandikwa, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Ilikusudiwa hasa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kwa waliopasuliwa, wapo wanaopata nafuu na wapo wasioona tofauti. Sishangai. Maumivu ya mshono hutoka kwenye ngozi na misuli, lakini yale mazito, ya kusokota, hutoka ndani kwenye utumbo, na huko plasta haifiki. Vidonge ulivyoandikiwa usiviache. Daktari akikubali uitumie, hubandikwa kandokando ya mshono, kamwe si juu ya kidonda, kwenye ngozi kavu isiyo na mchubuko. Kwa kawaida hukaa saa 12, kisha ngozi hupumzishwa saa 12.

Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, mimi ambaye kazi yangu ni kuwalaza wengine. Ni ya fentanili, dawa ya jamii ya mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, lakini yenye nguvu karibu mara 100 kuliko mofini yenyewe. Hii haitii ganzi mahali. Ngozi kwake ni mlango tu wa kuingilia kwenye damu. Kiasi chake kwenye damu hupanda polepole, saa 12 hadi 24, ilhali maumivu ya upasuaji huwa makali mwanzoni kisha hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Na hata ukiibandua, dawa iliyojikusanya chini ya ngozi huendelea kuingia mwilini kwa saa nyingi. Kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea dawa za jamii hiyo, pumzi inaweza kufifia mpaka ikakatika. Kwa hiyo haifai kwa maumivu ya upasuaji. Ni ya wenye maumivu makali ya kudumu, kama ya saratani, ambao tayari wamezoea dawa hizo.

Plasta iliyobaki ya mgonjwa mwingine, basi, usiibandike, hata anayekupa akiwa na nia njema kabisa. Kama unaitumia tayari kwa maradhi mengine, tuambie kabla ya upasuaji, na usiikande kwa maji ya moto, maana joto huharakisha dawa kuingia. Iliyokwisha kutumika bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto: ikunje, gundi iwe ndani, na uitupe asikofika. Ukimkuta aliyeibandika anakoroma isivyo kawaida, anapumua kwa nadra au haamki akiitwa, ibandue na umwahishe hospitali papo hapo.