Unga Kunata Si Ugonjwa

Nimeulizwa tena: "Mkate wangu umetoka mzito kama tofali, hamira itakuwa mbovu?" Nauliza ulikandaje, na jibu nalijua kabla halijafika: "Ulikuwa unanata, nikaongeza unga." Jamani, hamira za watu zinasingiziwa.

Vipimo kwanza, haraka. Unga wa ngano mweupe gramu 500, maji vuguvugu gramu 325, chumvi 10, hamira kavu 5. Sukari ukitaka, hamira inajipatia chakula kwenye wanga wa unga wenyewe. Na chumvi haiui hamira kwa kukutana nayo bakulini, hilo tuliache.

Turudi kwenye kunata. Ukishachanganya tu, unga lazima unate, maana maji hayajapenya kwenye chembe zake. Protini mbili, glutenini na gliadini, zinalowa kwanza ndipo zishikane kuwa gluteni, ule utando unaonasa gesi ya hamira. Kulowa huko hakuhitaji misuli yako, kunahitaji muda. Funika bakuli, nenda kaoshe vyombo, rudi baada ya dakika 30. Utakuta donge limetulia na linavutika, na wala hujalikanda.

Lakini hukungoja. Ulimwaga nusu kikombe, tuseme gramu 60. Maji yaliyokuwa asilimia 65 ya unga yameshuka hadi 58. Na nani huishia nusu kikombe? Unanyunyiza mezani, unanyunyiza mikononi, mpaka donge liache vidole kabisa. Donge gumu hivyo linaumuka kwa kujikokota, kwa sababu gesi inasukuma kitu kisichotaka kutanuka. Wewe umekodolea saa, maelekezo yanasema saa moja, basi unalitia ovenini likiwa bado. Hapo hamira imekosa nini?

Mikono ikinata, iloweshe maji. Shika donge upande mmoja, livute juu, likunje katikati, zungusha bakuli, rudia pande zote. Lipumzishe, kisha rudia tena. Basi.

Ila ile 325 si amri. Unga mmoja hunywa maji kuliko mwingine, na usiokobolewa hunywa zaidi, tena polepole. Kwa hiyo zipo siku donge ni uji kweli na kuongeza unga ni halali. Mpaka uko wapi? Sina namba ya kukupa. Naamua baada ya mapumziko, kamwe si kabla, na naongeza kijiko kimoja kimoja. Hata kile kipimo cha kujua kama gluteni imeshikana, kuvuta kipande cha donge mpaka mwanga upenye bila kuchanika, sikiamini kama vitabu vinavyokiamini. Nimeshaoka mikate mizuri tu kutoka kwenye madonge yaliyochanika.

Yanayobaki ni mepesi: liumuke hadi kukaribia mara mbili, saa iseme inachotaka, lipe umbo, liumuke tena, kisha oveni ya nyuzi 220 kwa dakika 30 hadi 35. Usikate mkate wa moto, ndani utakuwa unanatanata na utadhani haujaiva.

Ah, na vikombe! Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150, kutegemea ulivyochota. Kama huna mizani, huenda ulishazidisha unga kabla hata hujaanza kunyunyiza.