Marseille: bandari kwanza, Ufaransa baadaye

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuisoma historia ya Ufaransa, humwambia aiache Paris kwanza, ashuke kusini mpaka baharini. Kazi yangu ni historia ya bandari, kwa hiyo upendeleo wangu unajulikana. Lakini hebu tazama hesabu hii: Marseille iliingia mikononi mwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1481, pamoja na jimbo zima la Provence, na wakati huo ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Waliouanzisha mji ni mabaharia Wagiriki kutoka Phocaea, pwani ya Uturuki ya leo, mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo. Walikuta ghuba nyembamba iliyozungukwa na vilima, isiyopigwa na dhoruba, wakaiita mahali hapo Massalia. Masimulizi yanasema siku waliyofika, binti wa chifu wa wenyeji alikuwa anachagua mume, akampa kikombe cha maji mgeni aliyeitwa Protis. Ni jamaa ya ile hadithi ya Kilwa, ya mgeni kununua kisiwa kwa kitambaa. Masimulizi ya namna hii mimi huyasoma kama hati ya kiwanja: yanatueleza nani alitaka kutambuliwa kuwa mwenyeji halali.

Mji ulitajirika kwa kupeleka divai bara, ukajitawala, hadi mwaka 49 kabla ya Kristo ulipoegemea upande wa Pompey dhidi ya Julius Caesar, majemadari wa Kirumi waliokuwa wanapigana wao kwa wao. Ukazingirwa, ukashindwa, biashara yake nyingi ikahamia mji wa jirani wa Arles. Mabaki ya bandari hiyo ya kale yalifukuliwa mwaka 1967, mafundi walipokuwa wanachimba msingi wa jengo la maduka.

Niruke karne nyingi hadi 1660. Louis XIV, aliyechoshwa na ukaidi wa wakazi, aliingia mjini kupitia tundu lililobomolewa ukutani kama mtu aliyeuteka. Akajenga ngome ya Saint-Nicolas kwenye mlango wa bandari, na mizinga yake iliutazama mji. Miaka tisa baadaye mfalme huyohuyo aliupa mji nafuu kubwa ya ushuru, na kuufanya lango la biashara ya Ufaransa na nchi za mashariki ya Mediterania.

Biashara hiyo ndiyo iliyoleta msiba. Tarehe 25 Mei 1720 meli Grand-Saint-Antoine ilitia nanga ikitoka Shamu na Kupro, imebeba pamba, hariri na vitambaa. Njiani ilikuwa imepoteza watu kadhaa, daktari wa meli akiwa mmojawapo. Utaratibu wa Marseille ulikuwa mkali na wa kupigiwa mfano: meli inayoshukiwa tauni hupelekwa kisiwa cha Jarre, mbali na watu. Safari hii bodi ya afya ililegeza kamba. Mzigo ulikuwa wa thamani kubwa, ulikuwa unasubiriwa kwenye mnada wa Julai huko Beaucaire, na sehemu yake ilikuwa mali ya Jean-Baptiste Estelle, diwani mkuu wa mji. Marobota ya bei yakaruhusiwa kushushwa kwenye majengo ya karantini, makuli wakayafungua, na viroboto waenezao tauni wakapata njia. Vitambaa vya magendo vikapenya uchochoroni.

Tarehe 20 Juni mwanamke mmoja akafa katika mtaa wa watu maskini. Wakuu waliita homa ya kawaida. Ingekuwa tauni, biashara ingefungwa. Kufikia Septemba maiti zilikuwa zimerundikana kwenye uwanja wa La Tourette, na Nicolas Roze akaongoza askari na wafungwa wa merikebu za makasia kuzitupa ndani ya minara mitupu ya ukuta wa zamani. Wengi wa wafungwa hao hawakupona. Mji uliokuwa na watu 90,000 hivi ulizika karibu 40,000. Meli ilichomwa moto, nahodha Chataud akafungwa kwenye ngome ya If. Estelle hakufungwa.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakubadili uhusiano wa mji na Paris. Mwaka 1792 vijana wa Marseille walitembea hadi Paris wakiimba wimbo uliotungwa Strasbourg, na ndipo ukapata jina la La Marseillaise. Mwaka uliofuata mji ukaasi. Mapema 1794, kama adhabu, ukafutiwa jina kwa muda, ukaitwa Mji Usio na Jina.

Karne ya 19 ndiyo inayotuhusu sisi wa pwani. Viwanda vya sabuni vya Marseille vilikuwa na njaa ya mafuta, na baada ya mkataba wa Ufaransa na Sayyid Said wa mwaka 1844, nyumba za Vidal na Rabaud ziliingia Zanzibar kutafuta ufuta. Sehemu ya ufuta wa pwani yetu ulilimwa na watumwa, kwenye mashamba ya Malindi na ya bara ya Lamu. Mtumwa wa Malindi na mfua nguo wa Provence walikutana kwenye kipande cha sabuni.

Januari 1943 polisi wa Ufaransa na Wajerumani waliwatoa watu wapatao 20,000 kwenye mitaa ya kaskazini mwa bandari ya kale. Mamia ya Wayahudi waliokamatwa siku hizo waliishia Sobibor. Februari nyumba karibu 1,500 zililipuliwa kwa baruti.

Leo Marseille ina Wangazija na Wakomoro wengine kwa makumi ya maelfu. Waliotangulia walikuja kama mabaharia wa meli za Messageries Maritimes. Mmoja wa vijana wao, Ibrahim Ali, mwenye miaka 17, alipigwa risasi Februari 1995 na wabandika mabango wa Front National, chama cha mrengo mkali wa kulia, alipokuwa anakimbilia basi. Barabara alipouawa ilipewa jina lake mwaka 2021, baada ya familia na marafiki zake kulidai jina hilo kwa miaka mingi.