Je, wajua? Anayejifunza ganuni huanza kwa kufunza sikio

Kwa miaka mingi niliamini, na nikiwaambia wazazi wenzangu hapa Unguja, kwamba mtoto akisomeshwa muziki akili zinaongezeka na hesabu zinamnyookea. Ushahidi haufiki huko.

Imani hii ilipata nguvu mwaka 1993. Watafiti wa California waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa mafumbo ya kukunja karatasi kwa fikra tu. Walifumbua vizuri zaidi kuliko walipokaa kimya. Lakini hao walikuwa watu wazima, hapana aliyefundishwa chombo, na faida yenyewe iliyeyuka ndani ya robo saa hivi. Mtoto hakupimwa hata mmoja. Hata hivyo habari ilivuma mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apelekewe muziki wa namna hiyo.

Kusikiliza ni jambo moja, kujifunza ni jengine. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg alichapisha utafiti wa watoto 144 wa miaka sita huko Toronto, Kanada. Baada ya mwaka mmoja, waliosoma kinanda au kuimba walipanda pointi 7 katika kipimo cha akili, wenzao waliosoma maigizo au wasiosoma chochote 4 na kidogo. Tofauti ipo, ila ni ndogo, na tafiti nyingi za baadaye zilizowalinganisha na watoto waliopewa shughuli nyengine ya maana hazikuiona. Kundi la maigizo ndilo lililoendelea zaidi katika kuishi na wenzao, na hilo halisemwi sana.

Basi muziki unampa nini? Unampa sikio, na ganuni, chombo cha nyuzi nyingi zinazodonolewa kwa vidole, inaonesha vipi.

Chombo hiki cha taarab, tunasimuliwa, kiliingia Unguja wakati wa Sultani Barghash, na leo kinasomeshwa katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002. Kwa kawaida kina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na jirani yake mara 442, sauti yao inavimba na kunywea mara mbili kila sekunde.

Fikiria watu wawili wanatembea bega kwa bega Mizingani, mmoja akiwa na hatua za haraka kidogo. Nyayo zao zinagonga pamoja, zinapishana, zinarudi pamoja. Wanavyokaribiana mwendo, ndivyo inavyochukua muda mrefu zaidi kupishana. Wakilingana kabisa, unasikia nyayo za mtu mmoja. Nyuzi nazo ni hivyo hivyo. Mpigaji anakaza taratibu, uvimbe ule unapungua kasi, unapungua, hadi unapotea.

Mwanafunzi mgeni huambiwa asikilize uvimbe huo na asiusikie. Masikio yake ni mazima, ila ubongo haujajua kitu cha kukitafuta. Mkaushaji karafuu wa Pemba akivunja karafuu moja, mlio wake unamwambia kama imekauka. Mgeni anasikia kitu kimevunjika, basi. Baada ya miezi ya kukaza na kulegeza, yule mwanafunzi anashangaa vipi aliwahi kutousikia.

Je, sikio hilo linamsaidia kumfahamu mtu anayesema katikati ya kelele za Darajani? Baadhi ya tafiti zimewakuta wanamuziki wakifanya vizuri zaidi, nyengine hazikuona tofauti. Inawezekana pia wenye masikio makali ndio wanaovutwa na muziki tangu mwanzo.

Ukiwahi kufika kwenye taarab kabla haijaanza, kaa karibu na ganuni. Kijiti kinachobeba nyuzi zake kimekaa juu ya ngozi, na unyevu wa pwani huibadilisha ngozi hiyo, kwa hiyo mpigaji anakaza upya hata kama alikaza mchana. Uvimbe ule utausikia ukipungua.