Vita vya Msalaba vya Wakristo kwa Wakristo

Ukitaja Vita vya Msalaba, wengi hufikiria Wakristo na Waislamu wakigombea Yerusalemu, basi. Si hivyo. Henry le Despenser, askofu wa Norwich, Uingereza, aliongoza vita vya aina hiyo mwaka 1383 dhidi ya Wakatoliki wenzake.

Henry alitoka ukoo wa makabaila wakubwa. Babu yake, Hugh, alinyongwa mwaka 1326. Henry mwenyewe alishika upanga Italia kabla ya Papa Urban V kumpa uaskofu mwaka 1370. Mwaka 1381 wakulima walipoasi, aliwavamia mwenyewe huko North Walsham. Kiongozi wao, Geoffrey Litster, alihukumiwa kifo. Mwandishi wa wakati huo asimulia kwamba askofu alimuungamisha, kisha, alipokuwa akiburutwa kwenda kunyongwa, akamshikia kichwa kisigonge chini. Huruma ya namna gani hiyo, sijui!

Tangu 1378 Kanisa lilikuwa na mapapa wawili: Urban VI wa Roma na Clement VII wa Avignon. Urban aliwaahidi rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, waliomwunga mkono kwa fedha au silaha dhidi ya wafuasi wa Clement, na wanawake wakatoa hata vito vyao. Henry akavuka bahari hadi Flanders (leo sehemu za Ubelgiji na Ufaransa), akatwaa miji ya Gravelines na Dunkirk, kisha akauzingira mji wa Ypres, ambao nao ulimtambua Urban huyo huyo! Alishindwa. Bunge likamshtaki, akanyang'anywa mali za uaskofu, akarudishiwa mwaka 1385. Uaskofu wenyewe alibaki nao hadi alipofariki mwaka 1406.