Frederick Hervey: Lodi Aliyekuwa Askofu wa Derry

Wanafunzi wangu wa historia ya Kanisa wakitaka kujua askofu wa Kianglikana wa karne ya 18 aliupataje uaskofu, huwapa kisa cha Frederick Hervey. Yeye aliupata kwa kaka yake.

Alizaliwa mwaka 1730, mtoto wa tatu wa kiume katika ukoo wa akina Earl (cheo cha kikabaila) wa Bristol. Kwa makabaila wa Uingereza wa wakati huo, cheo na ardhi vilimwendea mzaliwa wa kwanza wa kiume. Wadogo walitafutiwa riziki jeshini, kwenye sheria au kanisani. Hervey alisoma Cambridge, akajaribu sheria, akaishia kuwa kasisi. Mwaka 1766 kaka yake George aliteuliwa kuwa mwakilishi wa mfalme nchini Ireland. George hakuwahi hata kukanyaga huko, lakini mwaka 1767 mdogo wake alikuwa askofu wa Cloyne, na mwaka 1768 akahamishiwa Derry, dayosisi iliyonona. Sinodi ya uchaguzi, yaani mkutano wa kanisa wa kumchagua askofu, kama hizi zetu za leo, haikuwapo.

Kaka zake wote wawili walifariki bila mrithi halali, na mwaka 1779 askofu akawa pia Earl wa Bristol wa 4. Fedha zikamiminika kutoka pande mbili. Alizurura Italia akinunua picha na sanamu, na zaidi ya miaka kumi ya mwisho ya uhai wake hakuiona Derry, ingawa mapato yake yaliendelea kumfuata. Hilo silitetei.

Ila wanaoishia kumcheka wanaruka jambo zito. Waairishi wengi walikuwa Wakatoliki, wakibanwa na sheria za kibaguzi huku wakilipa zaka kwa Kanisa lisilo lao. Hervey, aliyeneemeka na utaratibu huo huo, alisema wazi kwamba Wakatoliki wapewe haki. Novemba 1783 aliingia Dublin kwa msafara wa fahari, akisindikizwa na askari wa farasi, kwenda kwenye mkutano wa Wanamgambo wa Kujitolea, kikosi cha raia wa Ireland, kudai Wakatoliki nao wapewe kura. Wajumbe walimkatalia.

Nyumbani kwake Downhill, huko huko Ireland, hakuhitaji kura ya mtu. Pale, karibu na ukingo wa jabali linaloitazama bahari, alijenga maktaba ya mviringo yenye kuba, kwa kuiga hekalu la Kirumi la Tivoli. Vitabu vilikaa juu. Chumba cha chini akawaachia Wakatoliki wa jirani wasalie misa, kwa kuwa hawakuwa na kanisa karibu. Jengo bado lipo, linaitwa Mussenden.

Alifia njiani karibu na Albano, Italia, mwaka 1803. Inasimuliwa kwamba maiti yake ilisafirishwa ndani ya kasha lililoandikwa kuwa ni sanamu, maana mabaharia waliogopa kubeba mfu. Kwenye shamba la ukoo huko Ickworth, Uingereza, watu wa Derry walimjengea mnara wa kumbukumbu, na maandishi yake yanasema kwamba miongoni mwa waliochanga walikuwamo askofu Mkatoliki na mchungaji wa Kipresbiteri wa mji huo.