Nyuzi 85 baharini Tumbe: yanayosemwa kuhusu vihisi vya joto na ukweli wake

"Kimeungua hicho, tupa." Kila nikivuka kwenda Pemba kuwasaidia wakulima wa mwani kupima joto la maji, nalisikia neno hilo. Vihisi vizima vimetupwa kwa ajili yake, na inaniuma. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko aina ya spinosum, hauvumilii maji yakizidi kupata moto. Kihisi kinachodanganya kwa nyuzi moja tu kinamponza mkulima.

Dhana: kikisoma 85, kimekufa.

Tulikuwa barazani Tumbe, kijiji cha Pemba, Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) juu ya jamvi, kihisi cha DS18B20 kwenye ncha ya waya wa mita 15. Nikaandika amri ya kukisoma:

`cat /sys/bus/w1/devices/28-*/w1_slave`

Mstari wa pili ukaishia `t=85000`. Unaigawa kwa 1000, unapata nyuzi 85 za Selsiasi. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, bahari itokote na sisi tumo ndani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. 85 ndiyo namba anayoanza nayo DS18B20 kila anapowashwa, kabla hajapima chochote. Kupima kwa biti 12, yaani kwa undani wake wa juu kabisa, huchukua hadi milisekunde 750. Umeme ukipwaya katikati ya hapo, kihisi huanza upya na kukurudishia 85 ile ile. Kwa hiyo namba hiyo inakuelekeza kwenye umeme na viungo vya waya. Tulikuta waya wa volti 3.3 umelegea. Tukauunga upya, tukahakikisha rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 4.7 ipo kati ya waya wa data na wa umeme, tukarudia amri: `t=28937`.

Dhana: folda ya kihisi, ile ya jina linaloanza na 28, isipoonekana, waya umekatika.

Anza na faili la `/boot/firmware/config.txt`. Mstari wa `dtoverlay=w1-gpio` usipokuwemo, Raspberry Pi haisikilizi kabisa. Uongeze, washa upya.

Dhana: maktaba ya Python ikigoma kuingia, weka sudo, yaani lazimisha kwa mamlaka ya msimamizi.

Debian 12, mfumo endeshi uliotoka 2023, inakataa `pip` (kisakinishi cha maktaba za Python) isichanganye maktaba zako na za mfumo, na ninaiunga mkono. Tumia `python3 -m venv kazi`, inayokutengea folda yako pembeni, kisha sakinisha humo bila sudo. Fanya hivyo mjini Chake Chake, penye intaneti, kabla hujatoka. Kusoma kihisi chenyewe hakuhitaji intaneti.

Dhana: ikiandika YES, joto ni sahihi.

YES ya mwisho wa mstari wa kwanza wa jibu la amri ile ya `cat` inathibitisha kwamba data imefika bila kuharibika njiani, basi. Mtengenezaji mwenyewe anaruhusu kosa la nusu nyuzi juu au chini, kati ya -10 na 85. Ukitaka kulijua kosa la kihisi chako, ponda barafu, tia maji kidogo ya kunywa mpaka iwe kama uji mzito, zamisha kihisi, koroga, subiri dakika chache. Hapo panapaswa kuwa sifuri. Barafu iwe safi. Usichote kwenye sanduku la samaki, kwa sababu chumvi hushusha joto chini ya sifuri na utakilaumu kihisi bure.

Kile cha Tumbe kilisoma 0.4. Tulikizungushia utepe mweupe kwenye waya, tukaandika kwa kalamu isiyofutika: "toa 0.4".